Akina Mama Yuma Tisa na Kiti Kimoja

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Ushindi! Michée amelala chali.

Kamati ya harusi imeketi leo saa kumi sebuleni kwa Papa Zakari, fundi cherehani, hapa mtaani kwetu Ruashi. Anamwoza Rachida, binti wa marehemu mdogo wake. Wageni mia nne, ukumbi mmoja, na mtu mmoja tu wa kutengeneza orodha. Mtu huyo ni mimi, Souleymane, fundi wa kompyuta, miaka thelathini na mmoja, bado sijaoa kwa sasa.

Haikuwa rahisi. Michée, yule mwenye duka la kompyuta mjini, alikuja na shati lililopigwa pasi na wazo baridi: kila mgeni apewe namba. Wa 1, wa 2, mpaka wa 400. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikaona kazi inaniponyoka. Nikasimama. Nikauliza tangu lini mtu wa jamaa akawa namba. Nikasema namba ni za mgodini na gerezani. Nikasema babu zetu waliitwa namba kutwa nzima, majina yao wakayapata jioni tu, wakirudi kwa wake zao.

Papa Zakari akavua miwani. Kumbe baba yake alifanya kazi mgodini miaka ishirini na sita, na alipofariki karatasi iliyoletwa nyumbani ilikuwa na namba bila jina. Nilishtuka. Nilitaka kumshinda Michée, sikutaka kumliza mzee.

Papa Zakari akasema: “Mu harusi ya mutoto wetu, muntu ataitwa na jina yake.” Mjadala ukafungwa.

Watu walipotoka akanishika mkono. Akasema anajua kwa nini napita mbele ya nyumba yake mara nne kwa siku. Orodha ikienda vizuri, atawasikiliza wazee wangu wakija kumposa binti yake Feza. Isipoenda vizuri, nitafute barabara nyingine ya kupita.

Feza mwenyewe alikuwa anakusanya vikombe. Akaniuliza taratibu: “Na kama bantu babili beko na jina moja?” Nikacheka. Nikamwambia habari za watu wawili wenye jina moja awaachie mafundi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimeanza tovuti. Natumia Django, chombo cha kujengea tovuti. Michée naye anakitumia, lakini bila moyo.

Maelezo kwa wajukuu wangu (na wa Feza) watakaosoma shajara hii: kila mtu anayeingia kwenye orodha lazima awe na ufunguo, yaani alama moja inayomtofautisha na wengine wote. Usipochagua ufunguo, Django inampa kila mtu namba, kimya kimya, bila kuombwa. Namba! Baada ya hotuba yangu yote! Nimeikata. Nimeandika mstari mmoja tu: ufunguo uwe maandishi, na maandishi hayo yawe jina.

Tena si jina la kwenye kitambulisho. Hilo ni la serikali. Jina ambalo mtu anaitwa nyumbani, analoitikia hata akiwa usingizini. Mgeni ataandika jina hilo na simu yake, halafu mimi nitampangia meza.

Meza nimezipa majina ya mito. Nafasi zinazojulikana nimeshazipanga. Rachida: kiti chekundu cha bibi harusi, jukwaani. Feza: meza ya Lufira. Souleymane: meza ya Lufira, kiti kinachofuata. Hakuna aliyeniuliza nafasi hiyo imetoka wapi, na mimi sikujiuliza.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Anwani ya tovuti imetumwa jana kwenye kundi la WhatsApp la jamaa. Leo asubuhi simu haikunyamaza. Wa kwanza Mama Yuma wa Katuba. Mkali kama pilipili. Ameandika jina lake, na mashine imemjibu kwamba Mama Yuma yupo tayari. Akataka kujua huyo mwingine ni nani, na mume wake ni nani.

Nilimtuliza. Nikamweleza kwamba katika jamaa hii babu mkubwa aliitwa Yuma, kila mtoto wake akampa kifungua mimba wake jina la babu, na kwa hiyo akina Mama Yuma ni wengi. Akasema anaijua jamaa yake kuliko mimi. Akasema mashine imemfukuza kama mwizi.

Baada yake walipiga wengine saba. Wote wamefukuzwa. Kuna mzee wa Kamalondo aliyefukuzwa mara tatu. Nimestaajabu sana. Sikujua Django haina adabu kiasi hicho kwa watu wazima.

Nimetafuta mahali ukaidi huo ulipo. Nimeupata: ukaguzi mmoja unaouliza kama jina limeshatumika. Nimeuondoa, na sasa mashine inapokea kila mtu kwa mikono miwili. Mama Yuma wa Katuba amejaribu tena, ameingia, ameniombea dua. Kazi ni ndogo ukiwa na heshima kwa wakubwa.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mshtuko. Papa Zakari anasema watu zaidi ya mia tatu wamemwambia kwamba wamejiandikisha. Nimefungua orodha mbele yake. Majina tisini na manne.

Nikamwambia watu wanasema uongo siku hizi. Hakupenda. Alinikumbusha kwamba ni ndugu zake.

Nimerudi nyumbani nikampigia Mama Yuma wa Katuba. Ameapa alijiandikisha, tena nilikuwa naye kwenye simu. Kweli nilikuwa naye. Nimemtafuta. Mama Yuma yupo mmoja, na simu iliyoandikwa si yake, ni ya Mama Yuma wa Ruashi, mlango wa nne kutoka kwangu. Nimepiga kwa Mama Yuma wa Ruashi: naye hajui lolote, alijiandikisha juzi, akaenda kusokota nywele.

Mtu anaingia kwenye orodha yangu na kuwaondoa wageni mmoja mmoja! Na namjua mwenye sababu ya kufanya hivyo. Ana shati lililopigwa pasi. Jumatatu naenda kumpeleleza.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Michée nikijifanya nataka kuchapisha karatasi. Sikuwa na karatasi. Akaniuliza tu: orodha inapungua?

Nikamuuliza amejuaje. Akaniuliza ufunguo ni nini. Nikamwambia jina. Akafumba macho kidogo. Kisha akachukua bahasha kuukuu, akaandika “Mama Yuma” na simu ya mmoja, akaniambia mwingine anakuja na jina lilelile, nimwandike wapi. Nikatafuta nafasi. Akasema nafasi hakuna, ufunguo mmoja ni mtu mmoja. Mashine ikiona jina inalolijua, inadhani ni mtu yuleyule aliyebadili simu. Inafuta simu ya kwanza na kuandika ya pili. Meza inabaki ileile. Ule ukaguzi nilioufukuza kwa ukosefu wa adabu ndio uliokuwa unazuia hayo. Kwa hiyo hakuna mwizi. Akina Mama Yuma wamefutana wenyewe, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Michée akasema niache namba ifanye kazi yake humo ndani, jina liandikwe pembeni. “Muntu hataiona ile namba, yaya. Ataona jina yake tu.” Nilikaribia kukubali, hasa aliponiita yaya, yaani kaka mkubwa. Kisha akanipa karanga. Mtu anayekupa karanga bila sababu anataka kitu. Tena mimi nimeshasema mbele ya kamati kwamba hakuna namba, na mzee mzima ametoa machozi. Nitarudije na namba? Feza atanionaje?

Nimepata njia yangu mwenyewe nikiwa kwenye teksi. Majina yatarefushwa. Mama Yuma wa Katuba. Mama Yuma wa Ruashi. Rahisi kabisa. Namshangaa Michée kwa kutoliona hilo.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Nimefungua “Mama Yuma”, nikabadilisha kuwa “Mama Yuma wa Katuba”, nikahifadhi. Orodha ikaongezeka mtu mmoja. Nikabadilisha tena kuwa “Mama Yuma wa Ruashi”. Akaongezeka mwingine. Nilifurahi kama mtoto. Kumbe wageni walikuwa wamejificha tu humo ndani! Nimerekebisha majina kutwa nzima, nikiuliza watu wa kundi wanitajie mitaa yao. Saa sita mchana walikuwa mia moja themanini. Saa kumi, mia tatu na arobaini. Saa kumi na moja, mia sita na kumi na moja.

Hapo nikashtuka. Wageni ni mia nne.

Sikupata nafasi ya kufikiri. Papa Zakari aliniita. Nimemkuta amekaa kwenye cherehani yake, simu mkononi, ametazama meza ya wazee. Meza ina viti kumi. Kiti cha kwanza: Zakari. Cha pili: Papa Zakari. Cha tatu: Mzee Zakari. Cha nne: Papa Zakari Mwenyekiti. Ndiyo, kwa heshima nilikuwa nimelipandisha jina lake daraja mara tatu. Nilidhani nabadilisha. Kumbe kila nilipobadilisha ufunguo, mashine ilitafuta mtu wa jina hilo jipya, ikamkosa, ikamwumba. Na yule wa zamani ikamwacha hapohapo alipokaa.

Akaniuliza kwa upole: “Souleymane, miye niko bantu bangapi?”

Nikamjibu kwamba ni heshima ya mwenyekiti. Alinitazama muda mrefu. Akauliza wazee wengine watatu watakaa wapi. Nikasema naendelea kuboresha.

Feza alikuwa mlangoni na daftari la shule, la mistari. Ameniomba namba za simu zote nilizonazo. Nikamuuliza za nini. Akasema anapenda tu kusalimia watu. Nimempa. Ana moyo mzuri sana huyu dada.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Siku ya kufuta. Nimeanza na akina Zakari. Nimemfuta yule wa kwanza, “Zakari” mtupu. Mashine imeniuliza kama nina hakika, kwa sababu kuna wengine wameandikwa chini yake. Nikasema ndiyo. Wamekwenda naye wote. Mke wake alikuwa miongoni mwao.

Nimemfuta mama mkwe wangu mtarajiwa kwa kidole kimoja. Jasho lilinitoka, na hii ni Agosti, asubuhi watu wanavaa makoti.

Nimemrudisha kwa mkono. Sijui kama nimemweka meza ileile. Nikajaribu kuwafuta akina Mama Yuma waliozidi, nikagundua siwezi kujua yupi aliyezidi na yupi wa kweli, kwa sababu wote wana simu ya Mama Yuma wa Ruashi. Kisha umeme ukakatika. Nilikaa kwenye kochi nimeduwaa, bila kuwaza kitu, nasikiliza jenereta ya jirani.

Umeme uliporudi nilikuwa na mpango mpya. Mgeni akishapata ujumbe kwenye simu, ujumbe huo ni wake, na kilichoandikwa kimeandikwa. Hakuna atakayeuliza habari za ufunguo. Basi nimetuma. “Mheshimiwa fulani, kiti chako ni hiki, karibu.” Jumbe mia sita na nane, kwa mpigo mmoja. Mama Yuma wa Ruashi amepata ishirini na tatu. Amenipigia kusema hajawahi kualikwa hivi maishani.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Nitaandika polepole.

Leo kutoka Likasi amefika dada mkubwa wa Papa Zakari. Mama wa miaka sabini na tatu, kitenge kipya, kilemba kama taji. Jina lake Rachida. Bibi harusi alipewa jina lake siku alipozaliwa. Kwa hiyo huyu ni jina lake, yaani mwenye jina moja naye, na kwa desturi yetu mtu na jina lake ni kitu kimoja: shangazi anamwita bibi harusi “miye mudogo”, anamtania bwana harusi kwamba ni mume wake, na hakuna anayeona ajabu.

Alipoketi tu akatoa simu, akampa Papa Zakari asome kwa sauti. Papa Zakari akasoma: “Mheshimiwa Rachida, kiti chako ni kiti chekundu cha bibi harusi, jukwaani. Karibu.”

Shangazi alijiandikisha wa mwisho. Jina moja, ufunguo mmoja. Simu ya bibi harusi imefutwa, ya shangazi imeingia, na kiti kimebaki palepale.

Nilifungua mdomo kusema. Lakini shangazi alikuwa ameshaanza kulia. Alisema ameolewa mwaka wa vita, bila sherehe, bila kiti, na hakutegemea kwamba jamaa ingekumbuka. Papa Zakari akanigeukia, macho yana maji. Akanishika bega mbele ya watu wote, akasema sasa ameona maana ya maneno yangu kuhusu majina.

Ningefanya nini? Nimefunga mdomo. Nimekimbilia kwa Chadia, mkuu wa protokoli, wale vijana wenye suti wanaosimamisha watu mlangoni na kuwapeleka mezani. Ni rafiki wa Feza, nilidhani atanisaidia. Nimemwomba kesho shangazi apelekwe kwingine, kwa siri. Amekataa. Amesema mimi mwenyewe niliwafundisha kwamba orodha ndiyo sheria, hata aje baba yao mzazi. “Telefone ikisema jukwaani, njo jukwaani.” Yaani ndiyo hapohapo, basi. Sijawahi kuona mtu asiye na huruma namna hii.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Yafuatayo nimeyaona kwa macho yangu.

Saa nane na nusu mchana: akina Mama Yuma tisa mlangoni, vitenge sare. Wanajitaja “Mama Yuma” tu, bila mtaa, na Chadia anatafuta jina hilohilo. Anapata kiti kimoja, meza ya Lualaba. Anauliza nani kati yao ni Mama Yuma. Wote tisa wanapiga hatua mbele.

Saa tisa kasorobo: wazee wawili wamesimama ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Nafasi zao zimejaa Papa Zakari, ambaye amekaa na viti viwili vitupu, kimoja kila upande, na kadi kwenye kila kiti inasema ni yeye.

Saa tisa: Shangazi Rachida anaingia. Protokoli wanasoma simu, wananyoosha suti, wanamsindikiza taratibu hadi jukwaani. Anaketi kwenye kiti chekundu. Anamsalimia bwana harusi. Bwana harusi amekakamaa, hajui kama ni utani au ndoa.

Saa tisa na robo: bibi harusi anafika, amevaa nyeupe tupu, ngoma inalia. Kijana wa mlangoni anamsimamisha. Anamuuliza jina. Anasema Rachida. Kijana anatazama simu, anasema kwa adabu kwamba Rachida ameshaingia, ameshakaa.

Ngoma ikanyamaza. Nilitaka sakafu inimeze. Ukumbi mzima uligeuka, na nilimwona Papa Zakari anageuka pia, anatafuta mtu, na mtu aliyekuwa anamtafuta alikuwa mimi.

Nikakimbilia meza ya Lufira. Angalau nikae karibu na Feza, nivumilie aibu nimeketi. Kiti changu kina mtu. Kijana mrefu, mtulivu, mwenye viganja vya mfugaji. Nikamwambia hicho ni kiti cha Souleymane. Akasema ndiyo, yeye ni Souleymane, wa Kasungami, anafuga kuku, ndiye aliyeleta kuku wa leo. Akanionyesha ujumbe. Alijiandikisha baada yangu. Nimefutwa na orodha yangu mwenyewe! Sina hata kiti cha plastiki.

Na Feza hakuwepo mezani. Alikuwa mlangoni na lile daftari la shule. Siku tatu nzima alikuwa anampigia kila mgeni, anamuuliza ni nani wa nani, anaandika, na pembeni ya kila mmoja, kwa penseli, ameweka namba ndogo. Ya 1 mpaka ya 403. Sikuamini macho yangu. Alikuwa anamwita kila mtu kwa jina lake kamili la nyumbani, anamsalimia, anatazama namba kimya kimya, anamwonyesha meza. Akina Mama Yuma tisa wakapata viti tisa. Wazee wakaketi. Aliyekuwa anabeba viti alivyoagiza Feza ni yule Souleymane wa kuku. Michée naye alisaidia, bila kualikwa, nadhani.

Likabaki jukwaa. Feza akapanda, akamwinamia shangazi, akamweleza. Shangazi akasema hasimami. “Ule mutoto njo miye. Juu ya nini nijitokee miye mwenyewe?” Ukumbi ukacheka, maana kweli nani atajipisha kitini, na Papa Zakari mwenyewe akaleta kiti cha tatu kwa mikono yake. Bibi harusi akaketi katikati, shangazi akamshika mkono, ngoma ikarudi.

Nilitazama yote nikiwa karibu na jenereta. Feza aliporudi mezani, Souleymane wa kuku alimwambia kitu, akacheka mpaka akaweka daftari chini. Nimeumia, lakini nimejifariji. Kadi iliyo mbele ya kiti kile ina jina langu.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Papa Zakari ameniita. Sikulala nikifikiria atasema nini. Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

Alisema dada yake amefurahi kuliko siku zote za maisha yake, na kwa hilo ananishukuru. Alisema pia bibi harusi alisimamishwa mlangoni kwenye harusi yake, na kwa hilo hanishukuru. Alisema Feza amemwonyesha daftari. Yeye aliogopa namba kwa sababu mgodini ilichukua nafasi ya jina la baba yake. Kwenye daftari la Feza namba ilikaa nyuma na jina likakaa mbele. “Jina ni ya kumwita muntu. Haina ya kumutafutia mu bantu mia ine.” Akaniuliza kama nimeelewa: jina la kuitia, namba ya kutafutia.

Nikasema nimeelewa kabisa. Nikamweleza kwamba kosa halikuwa jina, kosa ni watu kuitwa sawasawa, na jamaa ingeweza kulirekebisha hilo kidogo kidogo, kuanzia watoto watakaozaliwa mwaka huu.

Alinitazama muda mrefu kuliko siku ile ya viti vinne. Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Habari ya wazee wangu kumposa Feza hakuitaja, wala kuikataa. Nimeondoka na matumaini. Kama angetaka kukataa, alikuwa na nafasi nzuri ya kufanya hivyo.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti

Sikutegemea. Wallahi sikutegemea!

Leo asubuhi nimekutana na Chadia sokoni. Amenipa habari kwa kusitasita, kama mtu anayebeba yai. Jana jioni wazee wa Souleymane wamekwenda kwa Papa Zakari kumposa Feza. Wamepokelewa. Mzee amekubali. Feza ameulizwa mbele ya watu, naye amesema ndiyo, tena kwa sauti.

Nilimwomba arudie jina. Akasema Souleymane. Akaanza kuongeza kitu, “njo ule wa…”, lakini nikamzuia. Jina limetosha. Nilimkumbatia katikati ya mafungu ya mboga. Akaniangalia kwa huruma, nadhani kwa sababu nimekonda na kazi.

Yapo mambo madogo ambayo sijayaelewa. Wazee wangu wako Kipushi na sikuwa nimewaambia chochote. Chadia anasema wageni walikuja na gari kutoka Kasungami, wakiwa na mbuzi wawili na trei kumi za mayai. Labda walipitia huko kununua zawadi. Wazee wana njia zao za kusikia mambo, na mshangao waliopanga ni wa upendo, sitauharibu kwa kuwapigia simu.

Nimepita mbele ya nyumba mara sita. Mara ya tatu Feza aliniona, akafungua mdomo kama anataka kunieleza jambo, kisha akaingia ndani. Haya ya mchumba. Nimemheshimu, sikubisha hodi.

Mchana nimefungua tovuti mpya kwa ajili ya harusi yetu. Django ikaanza tena na namba zake. Nikazikata, nikaweka jina. Hapa hakuna akina Yuma, tuko wawili tu. Bibi harusi: Feza. Bwana harusi: Souleymane. Mashine imekubali bila kuuliza swali lolote. Kesho asubuhi naenda kwa Papa Zakari anipime suti.